Somo: Kuunda priampu ya maikrofoni ya njia mbili, kwa umeme tulio nao

Kifaa cha somo hili ni priampu, kile kisanduku kinachopokea ishara dhaifu ya maikrofoni na kuinyanyua hadi kiwango ambacho rekoda inakitaka. Nimekichagua kwa sababu ndicho kinachoumbua studio nyingi za kwetu Uganda. Weka maikrofoni ya Shure SM57 mbele ya adungu, kile kinubi cha kwetu, inayopigwa taratibu, utapata kama milivolti 0.2 tu. Interfesi (kisanduku cha kuunganisha maikrofoni na kompyuta) ya bei nafuu ikifunguliwa hadi mwisho itakuletea adungu na mlio kama wa mvuke juu yake.

Msimamo wangu niutaje mapema. Saketi ya kukuza ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Vifaa vinavyoundwa kwa mkono na kuuzwa ghali Ulaya na Marekani hupata sifa zake kwenye transfoma ya mlangoni, kwenye pawasaplai na kwenye mpangilio wa nyaya za ardhi. Pesa zako na usiku wako wa kukesha vipeleke huko.

Kama hujawahi kufunga transfoma kwenye umeme wa ukutani, keti kwanza na fundi anayejua. Volti 240 zinaua, na hakuna rekodi yenye thamani hiyo.

Hatua ya 1: Transfoma ya mlangoni

Tafuta yenye uwiano wa mizunguko wa 1:10. Jensen JT-115K-E ya Marekani ni mfano unaojulikana. Lundahl wa Sweden na Sowter wa Uingereza nao wana zao. Uwiano huo unakupa desibeli 20 bila transista hata moja, na unatenganisha kabisa maikrofoni na saketi yako.

Faida kubwa iko kwenye kelele. Maikrofoni ya omu 200 ikipita 1:10 inaonekana upande wa pili kama omu 20,000, kwa kuwa ukinzani hupanda kwa mraba wa uwiano. Omu 20,000 zenyewe zina kelele ya joto ya nanovolti 18 hivi kwa kipeuo cha pili cha hezi. Opampu (chipu ya kukuza ishara) ya NE5534 inaongeza nanovolti 3.5 zake, na mkondo wake wa kelele ukipita kwenye omu hizo unazaa nanovolti 8 nyingine. Kelele hazijumlishwi moja kwa moja. Unajumlisha miraba yake kisha unatafuta kipeuo. Jibu ni nanovolti 20 na kidogo. Maana yake opampu ya bei ya soda imeharibu kazi kwa chini ya desibeli 1. Ndiyo maana sikushauri kukimbilia opampu za bei ya mbuzi.

Hatua ya 2: Pawasaplai

Hapa tukae, maana michoro mingi ya mtandaoni imechorwa na watu ambao umeme wao haushuki jioni.

Tunataka volti 15 chanya na 15 hasi. Chukua transfoma ya duara yenye koili mbili za volti 18, uziunge katikati, na utumie daraja moja la dayodi. Kwa mpangilio huo kila upande hupoteza dayodi moja tu. Umeme ukiwa 240, kilele ni volti 25 na ushee. Sasa chukulia umeshuka hadi 180: zile 18 zinakuwa 13.5, kilele chake ni 19.1, toa volti 1 ya dayodi, zinabaki 18. Regyuleta (chipu za kutuliza volti) za LM317 na LM337 zinataka karibu volti 3 juu ya zile inazotoa, kwa hiyo bado umesimama. Ungechagua transfoma ya volti 15, kama michoro mingi inavyosema, saa hiyo rekodi yako ingekuwa inanguruma.

Kapasita za kuchuja ziwe maikrofaradi 4700 kila upande. Njia mbili hazifiki miliampea 50, kwa hiyo mawimbi yanayobaki ni kama volti 0.1. Zisipungue volti 50 za uwezo. Umeme hupanda pia, na transfoma yenye mzigo mwepesi hutoa zaidi ya kilichoandikwa juu yake. Kapasita ya volti 35 utakuwa unaitegea bahati.

Resista za kila regyuleta ni omu 220 na omu 2,400. Ukipiga hesabu ya 1.25 mara (1 + 2400/220), na kuongeza ule mkondo mdogo wa pini ya kurekebishia, unapata 15 kamili.

Fyuzi iwe ya aina ya polepole, miliampea 250, kwenye waya wa moto kabla ya swichi. Na pawasaplai yote ikae kwenye kasha lake peke yake, iunganishwe kwa kebo ya mita moja. Transfoma ya mlangoni husikia sumaku ya transfoma ya umeme hata kama imevikwa ngao nzito, na umbali hauna gharama.

Hatua ya 3: Volti 48 za fantomu

Fantomu ni umeme unaopelekwa kwa maikrofoni za kondensa kupitia kebo ile ile ya ishara. Neumann, watengenezaji maikrofoni wa Ujerumani, waliutoa mtindo huu mwaka 1966 kwa ajili ya redio ya Norway, na kanuni zake hazijabadilika sana: volti 48, ruhusa ya kupanda au kushuka 4, resista mbili za omu 6,800 kwenda pini ya 2 na ya 3 za XLR, plagi ya maikrofoni.

Tumia transfoma ndogo ya pekee ya 2 × 24, koili zikifuatana, na regyuleta ya TL783. Usiweke LM317 hapa. Mwisho wake ni volti 40 kati ya mlango na tokeo, na siku kebo ya maikrofoni itakapogusana ndani volti zote zitamwangukia.

Resista za 6,800 zichague kwa multimita kutoka kwenye fungu. Mbili za njia moja zisipishane zaidi ya asilimia 0.4, yaani omu 27. Zikipishana, mkondo wa moja kwa moja unapita kwenye koili ya transfoma, kiini chake kinashika usumaku, na besi inaanza kuchafuka.

Hatua ya 4: Ukuzaji na swichi ya geini (kiasi cha ukuzaji)

NE5534 moja kwa njia, kwa mtindo usiogeuza ishara. Resista ya kurudisha ni omu 10,000. Ile ya kwenda ardhini ndiyo tunayoibadilisha. Baada yake weka kiendeshi cha tokeo lenye mizani (ishara kwenye nyaya mbili zilizo kinyume), THAT1646 au DRV134, ambacho kinaongeza desibeli 6.

Potenshiometa (resista ya kuzungusha) siipendi. Kwa kazi hii inatakiwa ya mkunjo wa kinyume, haipatikani kirahisi, njia mbili hazilingani, na vumbi letu linaimaliza. Tumia swichi ya kuzungusha yenye nafasi 11, kila nafasi desibeli 3, kuanzia 10 hadi 40.

Kuna mtego. Swichi ikiwa katikati ya nafasi mbili, resista ya ardhini inakatika, geini inaanguka hadi 1, na NE5534 bila kapasita ya kufidia haitulii chini ya geini ya 3: itapiga mluzi ambao masikio hayausikii lakini spika inaujua. Dawa ni kuacha omu 4,640 zimefungwa moja kwa moja, siku zote. Hizo peke yake zinakupa desibeli 10, na ndiyo nafasi ya kwanza, tupu. Swichi inaongeza resista sambamba nayo: nafasi ya 2 ni omu 7,500, ya 6 ni 680, ya mwisho ni 100. Zilizobaki zitafute mwenyewe. Hesabu ni ya kidato cha pili.

Mnyororo huo wote ushuke ardhini kupitia kapasita moja ya maikrofaradi 1000. Ukiweka ya 100 utakata besi kwenye geini ya juu.

Jumla yako ni desibeli 36 hadi 66. Kwa engalabi, ile ngoma ndefu ya Buganda, iliyo karibu na maikrofoni, 36 ni nyingi, kwa hiyo weka swichi ya kupunguza desibeli 20 kabla ya transfoma.

Hatua ya 5: Bodi na vipuri

Chora kwa KiCad, programu ya bure ya kuchorea bodi. Bodi agiza China au uchonge mwenyewe kwa kloridi ya feri. Kapasita za nanofaradi 100 zikae kando kabisa ya miguu ya opampu.

Vipuri bandia viko. NE5534 ya kweli inakunywa kama miliampea 4. Ukipima ukakuta 1 na nusu, huenda umeuziwa kitu kingine kilichofutwa jina.

Hatua ya 6: Kasha na ardhi

Mafundi wa bati wa Katwe, Kampala, watakukunjia kasha la raki bila shida, mradi uende na vipimo kwenye karatasi: upana wa uso milimita 482.6, urefu wa kwenda juu 44.45 kwa nafasi moja. Maandishi ya uso yachapishe Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Mwambie fundi asipake rangi pale bolti ya ardhi inapokaa, na wewe ukwangue hata kama ameapa hakupaka.

Pini ya 1 ya kila XLR iende kwenye kasha papo hapo, kwa waya mfupi kuliko kidole. Isipelekwe kwenye bodi. Mhandisi wa sauti Neil Muncy aliandika juu ya kosa hili mwaka 1995, baadaye likawekewa kanuni ya AES48 na chama cha wahandisi wa sauti (AES), na bado vifaa vinauzwa nalo. Pini ya 1 ikifika kwenye bodi, takataka zote zinazosafiri kwenye ngao ya kebo zinaingia kwenye muziki. Ardhi ya saketi iungane na kasha sehemu moja tu. Waya wa ardhi wa plagi ufungwe kwenye kasha kwa bolti ya peke yake, na usiukate kamwe kwa ajili ya kunyamazisha mvumo.

Mchoro wa saketi ubandike ndani ya kifuniko. Fundi wa kesho atakushukuru.

Hatua ya 7: Kupima

Kabla ya kuchomeka opampu, pima volti zote. Kisha funga resista ya omu 150 kati ya pini ya 2 na ya 3, fungua geini hadi 66, usikilize. Kinadharia kelele ya resista hiyo peke yake ni −131 dBu (desibeli zikilinganishwa na volti 0.775) kwa upana wa hezi 20,000, kwa hiyo tokeoni utegemee milivolti 0.44. Ukipata 0.6, funga kifuniko uende ukale. Multimita ya kawaida haifai hapa. Tumia interfesi na REW, programu ya kupimia sauti.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Jinja: Fundi, mimi nina TL072 nyingi za redio mbovu. Haziwezi kukaa hapo?*

Zitafanya kazi, ila nanovolti zake ni 18, sawa na za maikrofoni yenyewe. Kelele itapanda desibeli 3. Kwa mwimbaji mwenye sauti kubwa hutajua. Kwa adungu utajua. Pia miguu haifanani, maana ndani ya TL072 kuna opampu mbili.

*Kutoka Mbale: Mbona hukutufundisha Neve 1073, ile priampu maarufu ya Uingereza? Wateja wanaulizia hiyo.*

Wanaulizia jina, ndugu yangu. Ile ya mwaka 1970 ni ya transista tupu, volti 24 upande mmoja, na hatua yake ya mwisho hupitisha mkondo wa moja kwa moja ndani ya transfoma ya tokeo. Transfoma hiyo lazima iachwe nafasi kwenye kiini ili isishibe. Utanunua transfoma mbili maalumu kwa kila njia, kisha utafute 2N3055 isiyo bandia. Maliza hii kwanza.

*Kutoka Kampala: Nimepata transfoma kwenye mikisa ya zamani, haina maandishi. Nilitaka kuipima kwa omumita.*

Simama hapo hapo! Omumita hupitisha mkondo wa moja kwa moja, na kiini kidogo kama hicho kinashika usumaku. Ipe wimbi la hezi 1,000 la milivolti 10 upande mmoja, upime upande wa pili; ndivyo utajua uwiano. Kama kopo lake si la chuma cha ngao, iweke mbali na kila chenye umeme.

*Kutoka Gulu: Yangu inavuma. Nimebadilisha kapasita zote, bado.*

Angalia kwanza mvumo ni wa hezi ngapi. Hezi 100 ni pawasaplai. Hezi 50 ni sumaku au mzunguko wa ardhi, na hapo kapasita hazina hatia. Zungusha kasha la pawasaplai polepole huku unasikiliza. Mvumo ukibadilika, ni sumaku. Usipobadilika, rudi kwenye pini ya 1.

*Kutoka Arua: Mzee, huku narekodi wazee vijijini, umeme hakuna, inverta yangu inatia mlio. Nifanyeje?*

Inverta isiyotoa wimbi safi iache nyumbani. Chukua betri mbili za volti 12, uziunge katikati, upate 12 chanya na 12 hasi, uruke regyuleta zote. Utapoteza desibeli 2 za nafasi ya juu na hutazikumbuka, na mvumo wa umeme hautakuwepo kabisa. Fantomu hutakuwa nayo, kwa hiyo nenda na maikrofoni za dainamiki. Kila betri iwe na fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na terminali, kwa sababu betri ya gari ikigusana inachoma waya kabla hujageuka. Na swichi ikate pande zote mbili kwa pamoja. Ukiacha upande mmoja unawaka, opampu itasukuma volti kwenye mlango wa rekoda yako.