Somo: Kubadilisha ndege kwenye kiwanja kikubwa, kwa anayetokea Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Wanakikundi, habari za majukumu. Kazi yangu ni kukata tiketi hapa Mwanjelwa. Wanaosafiri kutoka huku kwetu sasa ni wengi: wafanyabiashara wa Tunduma na Kabwe wanaokwenda Guangzhou, wanafunzi, wagonjwa wanaopelekwa Chennai na Mumbai, na wazazi wanaowafuata watoto wao nje. Karibu wote hubadilisha ndege Addis Ababa, Doha, Dubai au Istanbul, na hofu yao haiko angani. Iko kwenye hayo masaa ya katikati: nikishuka nielekee wapi, begi nalichukua au naliacha, na ndege ya pili ikiniacha nifanyeje.

Naanza na tiketi, kwa sababu wanaokwama ugenini mara nyingi wamekwamishwa na tiketi yenyewe, hata kabla hawajafunga begi.

HATUA YA 1: Safari nzima iwe kwenye tiketi moja

Kila tiketi ina namba ya nafasi, yenye herufi na tarakimu sita. Kama safari yako ya Dar hadi Guangzhou kupitia Addis iko chini ya namba moja, shirika limekubali kukufikisha mwisho. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, wao ndio wanaokutafutia nyingine. Lakini ukinunua Dar–Dubai kwa shirika moja, halafu Dubai–Mumbai kwa shirika jingine kwa sababu umeona nafuu mtandaoni, ya pili itaondoka bila wewe na hela haitarudi. Tena hapo utalazimika kupita uhamiaji, kuchukua begi na kuliandikisha upya, na kwa hilo huenda ukahitaji viza ya nchi ambayo hukupanga kuitembelea.

Sisi wa Nyanda za Juu tuna kipande cha ziada, yaani kufika Dar. Wakala wako akiweza kuiweka ndege ya kutoka kiwanja cha Songwe hadi Dar ndani ya namba hiyo hiyo, lipa hata kama bei inapanda kidogo. Ikishindikana, fika Dar siku moja kabla. Nasema hivyo nikiujua ukungu wa Songwe wa mwezi wa sita na wa saba, unaoweza kuizuia ndege ya asubuhi. Anayepanda basi anaijua Kitonga, ule mlima wa barabara ya Iringa: lori moja likilala pale kwenye kona, mabasi yote yanasimama. Na basi linakuacha Mbezi, kituo cha Magufuli, ambako kufika uwanja wa ndege ni safari nyingine yenye foleni zake. Hata anayeruka kutoka Songwe ajue kwamba ndege za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu, lile lililofunguliwa 2019. Ukishushwa kwenye jengo jingine, unatoka nje na kutafuta gari.

HATUA YA 2: Soma saa vizuri, kisha uzisome tena na mtu mwingine

Hapa naomba mtulie. Saa za kwenye tiketi huandikwa kwa mtindo wa 24, na kila saa ni ya mahali husika. Tiketi ikiandika 01:40 tarehe 12, hiyo ni saa saba na dakika arobaini usiku wa kuamkia tarehe 12. Maana yake uwanjani unafika tarehe 11 jioni. Watu wanakuja tarehe 12 usiku, na begi limefungwa vizuri kabisa, wakati ndege imeondoka tangu usiku uliopita.

Addis, Doha na Istanbul saa yao ni sawa na yetu. Dubai iko mbele kwa saa moja. Na Ethiopia ina jambo ambalo Mswahili atalifurahia lakini alichunge: wenyewe wanahesabu saa kama sisi, asubuhi ikianza saa moja. Kwa hiyo mhudumu wa Bole, kiwanja cha Addis, akikuambia ndege yako ni "saa mbili", anaweza kumaanisha saa mbili kama ya Mbeya, au saa mbili ya hesabu ya kimataifa, ambayo kwetu ni saa nane. Usibishane naye. Mwoneshe boding pasi, yaani karatasi ya kupandia ndege, uweke kidole kwenye saa iliyoandikwa, akubali hiyo.

Muda wa kubadilisha ndege usipungue saa mbili kama ndiyo mara yako ya kwanza, na mimi napenda zaidi saa tatu. Mashirika huuza hata safari zenye nafasi ya saa moja na kidogo, kwa kuwa kila kiwanja kina kiwango chake cha chini kinachoruhusiwa. Kiwango hicho kinamfaa anayekijua kiwanja na anayetembea haraka. Mzee mwenye mguu mbovu hakimfai.

HATUA YA 3: Kaunta ya Dar

Ukifika kaunta uliza maswali mawili, bila aibu, hata foleni iwe ndefu: "Boding pasi zangu zote mpaka mwisho ziko hapa?" na "Begi langu linakwenda mpaka wapi?" Kisha soma mwenyewe ile karatasi inayofungwa kwenye mkono wa begi. Ina herufi tatu kubwa za kituo cha mwisho. Guangzhou ni CAN, Mumbai ni BOM, Chennai ni MAA. Kama unakwenda Chennai na karatasi inaonesha mwisho ni DOH, basi begi litabaki Doha. Wasimamishe palepale kabla halijaingia kwenye mkanda. Kile kipande kidogo chenye namba wanachokubandikia, kitunze kama pesa. Lipige picha begi pia.

Dawa, vyeti, barua ya hospitali, chaja na nguo moja ya kubadilisha vikae kwenye begi la mkononi. Pawabenki ni lazima iwe mkononi, hairuhusiwi kwenye begi linalokwenda chini ya ndege.

Wanaokwenda Marekani wana utaratibu wao: kwa kawaida, kwenye kiwanja cha kwanza cha Marekani unapita uhamiaji, unachukua begi, unapita forodha, halafu unalikabidhi tena, hata kama karatasi inaonesha mji wa mwisho.

HATUA YA 4: Umeshuka, sasa wapi?

Kuna kosa kubwa moja tu hapa, nalo ni kufuata umati. Nusu ya watu mlioshuka nao wamefika kwao na wanaelekea nyumbani. Wewe tafuta kibao kilichoandikwa "Transfer", "Transit" au "Connecting Flights". Vibao vya "Arrivals", "Exit" na "Baggage Claim" si vyako. Ukijikuta kwenye foleni ya uhamiaji wanakogonga mihuri, simama umuulize mhudumu kabla ya kusogea.

Baada ya kibao hicho utakaguliwa upya, hata kama Dar ulikaguliwa vizuri. Maji uliyobaki nayo kwenye ndege yatatupwa. Kimiminika chochote mkononi kisizidi mililita 100 kwa chupa, na asali na siagi ya karanga huhesabiwa humo. Asali ya Iringa ya nusu lita ni ya kwenye begi kubwa.

Ukishapita, tafuta skrini. Usitafute jina la mji, tafuta namba ya ndege, kwa sababu mji mmoja unaweza kuwa na ndege tatu zinazofuatana. Namba ya geti, yaani mlango wa kupandia ndege, iliyochapwa Dar inaweza kuwa imebadilika, na mara nyingine haikuwepo kabisa. Nayo geti inaweza kuwa mbali kweli. Dubai, kwenye jengo la Emirates, ukishukia upande mmoja na ndege yako iko upande wa A, unapanda treni ndani kwa ndani. Ndege za flydubai zinaweza kuwa kwenye jengo jingine kabisa, unapelekwa kwa basi. Doha kuna sanamu kubwa ya dubu wa njano katikati ya kiwanja. Ukipotea, ulizia dubu, kila mhudumu atakuonesha, na vibao vya mageti utaviona kuanzia hapo.

Nenda getini kwanza. Lione kwa macho, hesabu umetumia dakika ngapi, ndipo urudi kutafuta chakula, msala au mahali pa kunyoosha mgongo. Geti hufungwa kama dakika 15 hadi 20 kabla ya saa ya kuondoka, na viwanja vikubwa havimwiti kila abiria kwa jina kwenye vipaza sauti.

HATUA YA 5: Kusubiri

Baki na koti. Kiwanja cha Bole kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Mbeya mjini, na usiku baridi yake watu wa Makete wataitambua. Piga picha tiketi na anuani ya unakokwenda, zikae ndani ya simu, kwa maana intaneti ya bure ya viwanjani mara nyingine inadai namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe, na laini yako ya nyumbani huenda isiupokee.

Na hili nalisema kwa uzito wote: usishike begi la mtu. Hata awe Mtanzania mwenzako, hata aseme ni dawa za mama yake, hata akuombe dakika tano tu aende msalani. Kitakachokutwa ndani ya begi lililo mkononi mwako ni chako, na ziko nchi ambako dawa za kulevya zinahukumiwa kifo.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Mafinga: Kamwene dada. Mimi ni mwanafunzi, ndiyo mara ya kwanza. Ndege ya kwanza ikichelewa nikakuta ya pili imeondoka, ninunue tiketi nyingine?

Kamwene, mdogo wangu. Usinunue chochote. Nenda kwenye kaunta ya abiria wanaobadilisha ndege ya shirika lako, uwape boding pasi. Omba mambo matatu: nafasi kwenye ndege inayofuata, chakula, na hoteli kama ni kulala. Pia usijaribu kukiacha kipande cha katikati kwa kujitafutia usafiri mwingine. Usipotokea kwenye kipande kimoja bila kuwaarifu, vilivyobaki hufutwa, na cha kurudi kikiwemo.

Kutoka Tukuyu: Shikamoo dada. Mama anakwenda Chennai kutibiwa magoti, mdogo wangu atamfuata wiki ya pili. Mama anajua Kinyakyusa na Kiswahili tu. Naogopa sana Doha.

Marahaba. Pole kwa kuuguza, na hofu yako ina msingi. Kama kuna namna, waondoke pamoja, hata kwa kusogeza tarehe. Ikishindikana, omba kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi, na isipungue saa 48 kabla ya safari. Ni bure. Mhudumu atampokea mlangoni mwa ndege, atampitisha kwenye ukaguzi na kumfikisha getini. Wanaweza kumkalisha sehemu ya kusubiria kwa muda mrefu, kwa hiyo mwambie mama kabla kwamba kuachwa pale si kusahauliwa, asiinuke akaanza kutafuta njia.

Mwandikie karatasi kwa Kiingereza, avae shingoni: jina lake, namba ya ndege ya pili, anakokwenda, anaumwa nini, anaongea Kiswahili, na namba yako ya simu yenye +255 mwanzoni. Dawa zake ziwe mkononi mwake pamoja na cheti cha daktari. Mfundishe neno moja tu la kuonesha kwa kidole, "Chennai". Na ndege ya pili isiwe chini ya saa tatu baada ya ile ya kwanza.

Kutoka Tunduma: Begi halikutokea mwisho wa safari. Nikashauriwa niende hotelini kwanza nifuatilie kesho. Ni sawa?

Si sawa. Kabla hujatoka ukumbi wa mizigo, nenda ofisi ya mizigo na ujaziwe ripoti, ukiwa na kile kipande cha namba. Baki na nakala. Kwa mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unalidai kwa maandishi ndani ya siku 7 baada ya kulipokea, na lililochelewa ndani ya siku 21. Likipita siku 21 bila kuonekana, unadai kama lililopotea. Fidia ina ukomo, na tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria. SDR ni sarafu ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Kama ndani kuna bidhaa za thamani kuliko hiyo, zitamke na kuzilipia kabla ya safari. Risiti za nguo na sabuni ulizonunua ukisubiri, zitunze.

Kutoka Iringa mjini: Nimepata chuo Kanada, tiketi nafuu inapita London. Sitoki nje ya kiwanja. Viza ya nini?

Hongera sana. Uingereza inamtaka Mtanzania awe na viza ya kupita hata kama hatoki nje ya kiwanja. Kuna misamaha kwa baadhi ya wenye viza za nchi fulani, Kanada ikiwemo, lakini ina masharti. Soma kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza kabla ya kulipa. Ukiona masharti hayakukai sawa, pita kwingine.

Kutoka Kyela: Mchele na parachichi vitanisumbua Addis?

Kwenye begi kubwa, Addis halifunguliwi kwa ajili hiyo. Kinachotawala ni sheria za unakokwenda. Mchele nchi nyingine zinaukubali na nyingine zinaukataa. Parachichi ni tunda bichi, na mahali pengi huchukuliwa forodhani, tena ukilificha unatozwa faini. Litangaze, au uliache.

Kutoka Njombe: Kadi ya homa ya manjano inahitajika kwa kupita tu?

Wakati wa kurudi, inaweza. Ukikaa zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha nchi yenye ugonjwa huo, Ethiopia ikiwa mojawapo, Tanzania inaweza kukudai kadi ukiingia. Chanjo ni moja, na tangu 2016 kadi inatambuliwa kwa maisha yote. Chanja angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa kadi haifanyi kazi mpaka siku hizo zipite, kisha ibane ndani ya pasipoti.