Jinsi ya Kuandaa Unga wa Soya kwa Uji wa Familia

Gramu 100 za soya kavu zina takribani gramu 36 za protini, kiasi kinachozidi kile cha maharage ya kawaida, na protini hiyo ina kwa wingi lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili huvihitaji, ambayo ndiyo hasa hupungua katika mahindi. Ndiyo maana nafaka hiyo na soya hukamilishana vizuri katika uji.

Soya mbichi isisagwe kamwe, kwa kuwa ina viambata vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, na moto ndio unaoviharibu. Chagua punje, zioshe, kisha zitumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika 30. Zifikiche ili maganda yatoke, zianike hadi zikauke kabisa, uzikaange kwa moto mdogo mpaka zigeuke rangi ya kahawia hafifu, ndipo uzipeleke mashineni. Nasisitiza hatua ya kuchemsha, ambayo wengi huiruka, kwa sababu hupunguza pia ile harufu ya ubichi inayowafanya watoto waukatae uji.

Changanya kikombe kimoja cha unga huo na vikombe vitatu au vinne vya unga wa mahindi. Mwenye mzio wa soya aiepuke, na anayetumia dawa za tezi ya shingo amwulize daktari apishanishe vipi dawa na mlo huo.