Kuchagua jiko la kuni la kupasha nyumba joto: pima sebule kabla ya kwenda kwa fundi

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makete baridi ni kali zaidi. Ikifika Juni, wengi huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hilo liache leo hii. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na familia nzima inaweza kulala isiamke.

Jiko la kuni lenye mlango na bomba la kutoa moshi nje ni habari nyingine. Nayachomelea na kuyafunga majumbani, na wateja karibu wote huanza na neno moja: "Fundi, nitengenezee kubwa."

Hatua ya 1: Pima chumba

Zidisha urefu, upana na kimo. Sebule ya mita 5 kwa 4 yenye dari ya mita 2.7 ina mita za ujazo 54. Gawanya kwa 10 kama nyumba inapitisha baridi, au kwa 14 kama madirisha yanafunga vizuri na juu ya dari kuna sufi ya kuzuia baridi. Unapata nguvu ya jiko unalohitaji: kilowati 4 hadi 5 na ushee. Basi. Kama dari hakuna kabisa, joto lote litaishia kwenye bati. Weka dari kwanza.

Ukifunga la kilowati 10 humo, baada ya muda mfupi mtatoka jasho, mtabana hewa ili moto upungue. Moto uliobanwa hauwaki, unafuka. Moshi wake huganda ndani ya bomba kama lami, na lami hiyo siku ikishika moto, paa liko hatarini. Jiko dogo linalowaka kwa nguvu hula kuni chache, na bomba lake halizibi upesi.

Hatua ya 2: Bomba

Tenga fedha za bomba kabla ya za jiko, kwani mara nyingi ndilo ghali. Kwa jiko la ukubwa huu, upana ni milimita 125 hadi 150, na usiupunguze njiani. Lipande wima: kila kona hupunguza mvuto wa moshi. Kutoka chini hadi ncha lisipungue mita 4.5, na lipite kilele cha paa kwa sentimita 60.

Bomba la ukuta mmoja likae sentimita 45 mbali na mbao, pazia na chochote kinachoungua. Linapopenya dari na kenchi, tumia bomba la kuta mbili lenye sufi ya kuhimili moto katikati. Hapa msibanie fedha. Fundi akikuletea bati la zinki kwa kipande cha karibu na jiko, mrudishie: likipata moto mkali, zinki hutoa mvuke wenye sumu.

Hatua ya 3: Kagua jiko karakanani

Pleti ya chuma ya milimita 5 inatosha. Nyembamba sana hupinda. Ndani pawe na matofali ya kuhimili moto. Washa tochi ya simu, itie ndani, funga mlango, halafu mzime taa za karakana. Mwanga ukipenya kwenye maungio, hewa nayo itapenya, na moto hutaweza kuuongoza. Kisha bana karatasi mlangoni: ikichomoka kirahisi, kamba ya kuziba ukingo wa mlango haifai.

Hatua ya 4: Kuni

Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Miwati hutoa makaa yanayodumu, misindano ni ya kuwashia, mikaratusi huchelewa kukauka. Pasua kwanza, ndipo upange chini ya paa pasipo kuta. Za mwaka huu ni za baridi ya mwakani. Gonganisha vipande viwili: vikavu hulia kwa sauti kali.

Jiko la kilowati 5 likiwaka sawasawa hula takriban kilo 2 kwa saa. Moto wa kwanza uwe mdogo na madirisha wazi, maana rangi mpya hutoa moshi. Bomba lisuguliwe kila Mei.