Daftari kwanza, mdomo baadaye: ukitaka kulalamika kazini bila kupoteza haki yako

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo kwenye godauni moja huko Changamwe, Mombasa. Kila jioni, nikishaingia feri ya Likoni, nilitafuta pa kuegemea, nikatoa kaunta buku yangu na kuandika. Ukurasa mmoja ninao mpaka leo: "Jumanne. Foklifti ya pili, breki hazishiki. Saa nne na robo imegonga rundo la magunia ya mchele. Nimemwambia supavaiza mbele ya dereva na mama wa chai. Amejibu: endeleeni na kazi."

Wiki tatu baadaye askari wa geti akaniambia jina langu limetolewa. Ule ukurasa ndio ulionitetea. Naandika haya kwa sababu vijana wananipigia simu wakiwa wameshafukuzwa, na mkononi hawana hata kipande cha karatasi. Inaniuma, maana haki wanayo.

Basi anza na daftari, leo, hata kama kazini kuna amani. Andika tarehe, saa, kilichotokea, nani alikuwepo, ulimwambia nani na alijibu nini. Andika siku hiyo hiyo, ikishalala inaingia maneno ya kubuni. Na uandike ulichoona kwa macho. "Bosi ni mwizi" haikusaidii chochote. "Nimehesabu magunia 480, karatasi ya kupokelea imeandikwa 520," hiyo ina uzito. Daftari lilale nyumbani kwako, maana siku ya kufukuzwa hutaruhusiwa kuingia hata kuchukua viatu.

Kisha lalamika kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha: "Habari ya asubuhi, bosi. Nakukumbusha breki za foklifti ya pili nilizokueleza jana saa nne. Naomba itengenezwe kabla mtu hajaumia." Hauna matusi wala vitisho, na tarehe imejiandika yenyewe. Usiufute.

Sheria ya Kenya iko upande wako hapa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 8, inamkataza mwajiri kukufukuza au kukubagua kwa sababu tu umelalamikia jambo unaloliona ni la hatari. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 46, nayo inasema kumlalamikia au kumshtaki mwajiri si sababu halali ya kukuachisha kazi, isipokuwa malalamiko yakionekana ni ya kiholela na hayana msingi. Umeona sasa kwa nini nasisitiza magunia 480?

"Lakini mimi ni kibarua tu, nalipwa Jumamosi kwa Jumamosi." Neno hili nalisikia kuanzia Shimanzi mpaka mahoteli ya Bamburi, na waajiri wanapenda mliamini. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku ambazo jumla yake haipungui mwezi, au ukapewa kazi isiyotarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu, unahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, na notisi yako ni siku 28. Mwajiri akishindwa kutoa mkataba wa maandishi mbele ya sheria, ni juu yake kuthibitisha au kupinga masharti mnayobishania. Wewe thibitisha kwamba ulikuwa pale: taarifa ya M-Pesa yenye malipo yako, picha ya ratiba ya zamu, kitambulisho cha geti.

Sisi wa Mombasa tunamjua Phyllis Omido. Aliajiriwa kwenye kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi pale Owino Uhuru, mwanawe akapatikana na sumu ya risasi mwilini, naye akaanza kudai kiwanda kifungwe. Alikamatwa, akavamiwa, hakunyamaza. Vipimo vya damu vya watoto wa kijiji vikamsimamia. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Kama ulichoona ni hongo, njia ni nyingine. Nenda Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC. Ina ofisi hapa Mombasa, na inapokea taarifa hata bila jina. Sheria ya Hongo ya 2016, kifungu cha 21, inasema anayemfukuza, kumshusha cheo, kumhamisha kwa ubaya au kumtisha mtoa taarifa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Usibebe faili la kampuni ukaenda nalo nyumbani, watakugeuzia kesi ya wizi. Nakili namba za hati na tarehe zake.

Ukiitwa kikao cha nidhamu, nenda. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinataka uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuingia na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe. Usiingie peke yako.

Mimi sikuitwa kikao. Niliitwa kuchukua mshahara wa siku zilizobaki, na karatasi ilikuwa imeshachapwa: nimeacha kazi kwa hiari yangu na sidai chochote. Kalamu imelazwa juu yake, bahasha ya pesa kando. Kodi ya nyumba ilikuwa imefika, mikono inatetemeka. Nikasema, "Naomba niisome nyumbani, kesho nitairudisha." Wakakataa, nikatoka bila kusaini. Tafadhali, ndugu yangu, usisaini karatasi kama hiyo kwa haraka. Mahakama inaweza kukubana nayo.

Tangu siku ya kufukuzwa hesabu siku. Kulalamika ofisi ya leba, yaani ofisi ya kazi ya serikali, una miezi mitatu; kwenda mahakamani, miaka mitatu. Kama mshahara wako kwa mwezi hauzidi shilingi 80,000, kesi inaweza kusikizwa na hakimu. Zaidi ya hapo ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ukishinda, fidia inaweza kufika mishahara ya miezi 12. Cheti cha utumishi dai pia, ni chako ukiwa umefanya kazi wiki nne au zaidi, hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Kwangu mimi afisa wa leba alimwita mwajiri, na kikao cha tatu nikalipwa notisi na siku zangu za likizo.

Malalamiko yako yapeleke nakala mbili. Moja waache nayo, ya pili wapige muhuri wa kupokea wenye tarehe. Usiondoke pale kaunta kabla hujaupata.