Kuwasha daraja la Tor na kuligawa bila kulichoma

Wakuu, tangu X ifungiwe Bongo Mei 2025 naulizwa sana habari za madaraja ya Tor (seva za kuingilia mtandao wa Tor, ule wa kukwepa vizuizi, ambazo haziko kwenye orodha ya wazi), kwa hiyo naweka hapa navyofanya mwenyewe. Kwanza tuelewane, intaneti ikizimwa kabisa kama ile Oktoba 29, 2025 daraja halisaidii kitu, linasaidia pale mtandao upo ila umechujwa.

Hatua ya 1. Kodi seva ndogo nje ya nchi, mfumo wa Debian, IP isiyobadilika, alafu weka Tor na obfs4proxy (hii inaficha sura ya mawasiliano ya Tor ili wachujaji wasiyatambue):

apt install tor obfs4proxy

Hatua ya 2. Fungua faili la mipangilio ya Tor, /etc/tor/torrc, uweke:

BridgeRelay 1
ORPort 127.0.0.1:auto
AssumeReachable 1
ServerTransportPlugin obfs4 exec /usr/bin/obfs4proxy
ServerTransportListenAddr obfs4 0.0.0.0:28443
ExtORPort auto
BridgeDistribution none

Badilisha 28443 weka namba yako, ila 9001 usiiguse, inajulikana ni ya Tor na wachujaji wanaisaka. Hiyo ORPort ya 127.0.0.1 ndo inaificha poti ya Tor yenyewe, nje ionekane ya obfs4 tu. Kisha systemctl restart tor.

Hatua ya 3, na hapa msiruke. Soma kumbukumbu za Tor kwa journalctl -u tor@default, utafute mstari wa "Registered server transport 'obfs4'". Ukiuona usishangilie bado, mimi niliuona nikagawa, siku mbili nzima watu wananiambia haiunganishi, kumbe poti nimefungua kwenye fayawoli ya seva ila kampuni niliyokodi ina fayawoli yake nyingine kwenye akaunti na huko ilikuwa imefungwa. Toka siku hiyo napima kwa simu, tena kwa bando, sio wifi ya nyumbani. Chukua mstari kwenye /var/lib/tor/pt_state/obfs4_bridgeline.txt, jaza IP, poti ya obfs4 na fingerprint (namba ya utambulisho wa daraja, ipo /var/lib/tor/fingerprint), bandika kwenye Tor Browser. Ikifungua ukurasa, liko hai.

Hatua ya 4, kugawa. Ukiandika none kwenye BridgeDistribution, Tor hawampi mtu daraja lako, unagawa mwenyewe, na hapo naomba sana mtume kwa mtu mmoja mmoja, msirushe kwenye grupu la watu 200 maana anayefungia naye yumo humo na IP ikishajulikana imeenda, daraja limeungua. Kama huna wa kumpa, weka any, mfumo wao unaoitwa rdsys utalipangia njia moja: tovuti, imeli, Telegram au ndani ya Tor Browser. Kila njia ina fungu lake la madaraja, kwa hiyo anayekomba ya imeli yote hajagusa ya Telegram. Kwa Kenya kumbuka Telegram yenyewe ilifungiwa kipindi cha mitihani ya KCSE (ya kumaliza sekondari) 2023 na 2024, kwa hiyo ukitaka kuchagua mwenyewe andika https au email.

Mwisho, kopi folda zima la /var/lib/tor uliweke pembeni. Ukifomati seva bila hilo, fingerprint na cert (ufunguo wa obfs4 ulio kwenye mstari wa daraja) vinabadilika, na kila uliyempa anabaki na mstari uliokufa.