Kibanda cha fulana ndani ya jengo la maduka: bana hapo, chapa kwingine

Anayetaka kufungua kibanda cha kuchapa fulana kwenye jengo la maduka makubwa huanza kwa kuulizia bei ya printa. Swali hilo lisubiri. Printa ya DTF huchapa picha kwenye filamu ya plastiki, picha ikapakwa unga wa gundi, kisha ikabanwa kwenye kitambaa kwa joto. Haina kazi katikati ya korido. Wino wake mweupe una chembe nzito zinazotuama, na ikikaa siku chache bila kufanya kazi, kichwa huziba. Unga wa gundi hupeperushwa na kiyoyozi. Tanuri la kuyeyushia unga huo hutoa moshi, na juu yako pana kitambuzi cha moshi cha jengo zima. King'ora kikilia mara ya pili kwa sababu yako, uongozi utakutafuta.

Kibandani weka presi ya joto ya kugandishia picha kwenye fulana, na mashine ndogo ya kukatia vinili (karatasi ya plastiki inayogandishwa kwa joto), basi. Kazi ya rangi nyingi iagize kwa wachapaji wa Kariakoo ikiwa tayari kwenye filamu, wakuuzie kwa mita, wewe ubane mbele ya mteja. Anachokilipia mteja wa humu ni kuondoka na fulana yake mkononi ndani ya robo saa. Fulana yenyewe angeipata mtaani kwa bei ya chini.

Eneo na mkataba

Kabla ya kusaini chochote, simama kwenye eneo unalopewa Jumamosi kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, uhesabu wanaopita na wanaosimama. Penye njia ya supamaketi au sinema pana faida. Karibu na vyakula hapana: mafuta ya chipsi huishia kwenye fulana nyeupe. Jengo kama Mlimani City, lililo jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huleta pia wateja wa mahafali, na hao hununua kwa vikundi.

Kodi ya pango unayotajiwa kwa mdomo si unayolipa. Uliza kama VAT ya 18% imo, tozo ya huduma ni kiasi gani, na umeme unasomwa kwenye mita yako au unagawanywa tu. Mpangaji anayefanya biashara anatakiwa kukata 10% ya kodi ya pango na kuipeleka TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na mkataba hulipiwa ushuru wa stempu wa 1% ya kodi ya mwaka. Asiyejua haya hulipa kodi yote kwa mwenye jengo, kisha anadaiwa tena na TRA. Kanuni za mwaka 2025 zimezuia bei za ndani kutozwa kwa fedha za kigeni, hivyo mkataba usomeke kwa shilingi. Tafuta pia kile kipengele kinachoruhusu uongozi kukuhamisha. Desemba, korido zinapogeuzwa kumbi za matangazo, ndipo vibanda husukumwa pembeni. Iandikwe ni nani atalipia kuhama na kuvuta umeme upya.

Makaratasi: jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya halmashauri kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, mashine ya EFD ya kutolea risiti, na ukaguzi wa Zimamoto. Nunua mapema mtungi wa kuzimia moto wa CO2, kwa sababu maji na umeme haviendi pamoja.

Umeme na mpangilio

Presi ya sentimita 38 kwa 38 hula takriban wati 1,800. Kwa volti 230 hiyo ni karibu ampea 8. Soketi ya ampea 13 inabeba presi moja na taa. Ukichomeka presi mbili unafika ampea 16, na ekstensheni ya bei rahisi huanza kunuka plastiki kabla swichi haijakata. Ukitaka presi ya pili, omba laini ya pili kwa maandishi kabla fundi hajafunga mbao.

Presi ziko za aina mbili. Ipo inayofunguka kama mdomo wa mamba, na ipo ambayo sahani ya juu huzungushwa pembeni. Ya kuzungusha hubana sawasawa zaidi, lakini sahani ya nyuzi 155 ikizunguka kuelekea koridoni itakutana na mkono wa mtoto. Kwa kibanda cha mita 2 kwa 3 chagua ya mdomo wa mamba, iwe upande wa ndani, na kati yake na mteja kuwe na kaunta ya sentimita 60 au zaidi. Meza iwe ya chuma. Mashine ina uzito wa kilo 20 na zaidi, na kila unapoishusha meza dhaifu inayumba. Mkandamizo wa pembe moja unapungua, nawe utamlaumu mchapaji bure.

Mzigo wa kuanzia

Fulana 120 za pamba zinatosha, uzito wa gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Nyepesi zaidi ya hapo huonyesha mwili na hujikunja pembeni ya picha. Nyeusi 60: S 8, M 16, L 18, XL 12, XXL 6. Nyeupe 40 kwa uwiano huohuo. Ishirini zilizobaki ziwe za watoto, kwa sababu mzazi akisimama kwa ajili ya mtoto hakumbuki kupatana bei.

Usiamini lebo ya saizi. L ya gunia moja huwa M ya gunia jingine. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kifua kutoka kwapa hadi kwapa. L ya mtu mzima iwe sentimita 54 hadi 56. Jaribu pia kitambaa chenyewe: chomoa nyuzi kidogo kwenye pindo uziunguze. Pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Muuzaji akiapa kwamba ni pamba tupu, kiberiti kitasema.

Filamu iagize kwa hesabu. Mita moja yenye upana wa sentimita 58 hutoa nembo 50 za sentimita 9 kwa 9, ukiacha sentimita moja katikati. Picha za ukubwa wa A4 zinaingia 6 ukizipanga zote wima, lakini 7 ukiweka safu moja wima na nyingine ukiilaza. Anza na michoro kama 30 iliyo tayari, ya siku za kuzaliwa, mahafali, misemo ya aina ya majina ya kanga, kisha majina ya watu ukate kwa vinili hapohapo. Jina huligeuza kama kwenye kioo kabla ya kukata, na upande unaong'aa hutazama chini. Ukisahau kugeuza, utaligundua kosa ukishamaliza kuchokoa herufi zote.

Kubana

Weka presi nyuzi 155. Mashine mpya nyingi husema 155 huku pembeni ikiwa 145, kwa hiyo pima katikati na pembe nne kwa kipimajoto cha kugusa, uandike tofauti kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine.

Tandaza fulana, ibane tupu kwa sekunde 5. Hatua hii hurukwa na wenye haraka, na hasa huku pwani ndiyo inayoharibu kazi: pamba hunywa unyevu wa hewa, unyevu huo hugeuka mvuke chini ya filamu, na mvuke huinua gundi. Ukiona vitone vidogo kama chunusi kwenye picha, ndio huo.

Weka picha vidole vinne chini ya ukosi, yaani sentimita 7 hadi 8. Kunja fulana katikati upate mstari wa kati. Usipime kwa mishono ya ubavuni, kwani fulana nyingi zimeshonwa upogo. Bana sekunde 12 hadi 15 kwa mkandamizo unaokulazimisha kutumia mkono mzima kufunga mpini. Ukiufunga kwa vidole viwili, umelegea. Filamu nyingine huvuliwa ya moto, nyingine lazima ipoe kabisa. Muulize mchapaji kila roli, kwa sababu akibadilisha roli hakupigii simu. Vua ukianzia pembeni, chini kwa chini, usiivute kwenda juu. Funika kwa karatasi ya kuokea, bana tena sekunde 8. Mbano huu wa pili huizamisha picha ndani ya nyuzi za kitambaa na huondoa ule mng'ao wa plastiki.

Kingo za picha zikiinuka, mara nyingi zipu, kifungo au mshono umeibeba sahani. Ingiza mto wa sponji ndani ya fulana ili eneo la picha liwe juu kuliko mshono. Fulana nyeupe ikiwa na manjano, joto limezidi. Kwenye poliesta nyekundu, nyeupe ya picha hugeuka waridi baada ya saa kadhaa, kwa kuwa rangi ya kitambaa hupanda kwa joto. Shusha hadi nyuzi 130, au ikatae kazi hiyo. Umeme ukikatika katikati ya mbano, fungua presi mara moja. Ukirudi, subiri joto lifike kisha urudie sekunde zote. Usikisie zilizobaki.

Picha za wateja

Nusu ya ugomvi huanzia kwenye WhatsApp. Picha ikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ubora. Mwambie mteja aitume kama dokumenti. A4 nzuri inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. Nembo yenye mandhari nyeupe itatoka na boksi jeupe kwenye fulana nyeusi, na mteja halioni boksi hilo hadi alipe. Muonyeshe kwenye skrini juu ya rangi ya fulana yake, na jina aliandike kwa mkono wake mwenyewe: Asha, Aisha na Aysha ni watu watatu.

Nembo za Simba, Yanga au kampuni yoyote usichape bila barua ya mwenye nayo. Tume ya Ushindani hufuatilia bidhaa bandia, na mwenye jengo hatakutetea. Mabaka ya jeshi pia hapana.

Bei

Tuseme fulana ni 7,000, filamu 2,500, mfuko na umeme 500, na uharibifu wa 5% unaokaribia 500. Hiyo ni 10,500. Ukiuza 20,000, kinabaki 9,500. Kodi na tozo zikiwa 1,200,000 na mishahara ya wawili 700,000, unahitaji fulana 200 kwa mwezi, karibu 7 kila siku, ndipo usile hasara. Badilisha tarakimu kwa zako, hesabu ni hiyohiyo. Oda ya zaidi ya fulana 50 za rangi moja, kama za Mei Mosi au 8 Machi, ipeleke kwa wachapaji wa skrini (wanaopitisha rangi kwenye wavu) na uchukue malipo ya awali yanayofidia fulana zote.

Ndani ya kila mfuko weka kikaratasi: usiifue kabla ya saa 24, geuza ndani nje, maji baridi, bila jiki, pasi isiguse picha. Picha ikibanduka ndani ya wiki mbili, ibane tena bure, ni sekunde 15 tu. Ikirudi ikiwa na alama ya pasi katikati, muonyeshe mteja umbo la pasi yake, kisha muuzie nyingine kwa bei ya fulana tupu.