Somo: Namna ya kutenga ngitili, na zaidi ya hapo namna ya kuifungua na kuifunga tena

Kila ifikapo Agosti huulizwa swali lile lile: malisho ya kijiji yamekwisha, ng'ombe wamekonda, je, zipandwe nyasi gani ili mifugo ivuke mwaka huu? Agosti hakuna nyasi ya kupanda. Malisho ya kiangazi huandaliwa mvua zinapoanza, kwa kuiachia ardhi nafasi ya kuotesha kile ambacho tayari kimo ndani yake. Nimeandika somo hili ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mwanzo wa mvua na kulifungua kiangazi kinapokolea. Enzi za ukoloni miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa zimebaki hekta 600 hivi. Ulipomalizika mwaka 2004, zilizorudishwa zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta. Sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu, kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa bado hai, na kilichohitajika ni kufunga eneo.

Hatua ya 1. Chagua eneo ambalo unaweza kulifikia na kulilinda, na ikiwezekana lichukue udongo wa aina mbili, kwa kuwa nyasi za luseni (udongo wa kichanga) hukauka mapema ilhali za mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi) hubaki na unyevu kwa muda mrefu zaidi.

Hatua ya 2. Pata haki ya eneo hilo kwa maandishi. Ngitili ya kaya inaweza kuombewa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Ngitili ya jumuiya inahitaji sheria ndogo za kijiji, nazo hushika vizuri zaidi zikiwa zimepitia kwanza kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na kukubaliwa na wazee pamoja na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji.

Hatua ya 3. Funga mara mvua za kwanza zinaponyesha. Mpaka wa minyaa unatosha, ila jihadhari na utomvu wake machoni.

Hatua ya 4. Nyasi zinapoanza kukauka, safisha ukanda wa kuzuia moto kuzunguka eneo lote, na usingoje Juni iishe ndipo uanze.

Hatua ya 5. Pima kabla ya kufungua. Tengeneza fremu ya mita moja kwa mita moja, itupe mahali tofauti bila kuchagua, kata nyasi zilizo ndani yake, zianike hadi zikauke kabisa, uzipime na utafute wastani. Tuseme umepata gramu 200 kwa mita ya mraba. Ekari moja, ambayo ni mita za mraba 4,047, itakuwa na kilo 809 hivi, na nusu yake inapaswa kubaki ardhini. Ng'ombe wa kilo 250 hula takribani asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6 na robo za malisho makavu. Kwa hiyo ekari hiyo inamlisha ng'ombe mmoja kwa siku 65, na ekari kumi zinawalisha ng'ombe kumi kwa muda huo huo. Fanya hesabu hii mwenyewe, kwa nyasi zako.

Hatua ya 6. Gawa eneo katika vipande vitatu au vinne, ufungue kimoja baada ya kingine kuanzia kilicho mbali na maji wakati mifugo ingali na nguvu za kutembea. Hamisha mifugo mabaki yanapokaribia urefu wa kiganja. Mashina yaliyokauka yana protini kidogo mno, hivyo ongeza mashudu ya pamba na chumvi ya madini, hasa kwa majike wenye mimba na wanaonyonyesha.

Hatua ya 7. Ondoa mifugo yote mvua zinaporudi. Hapa ndipo ngitili nyingi zinapokufa, tena mikononi mwa watu waliozilinda kwa bidii mwaka mzima. Mvua ya kwanza ikinyesha, majani mabichi huchomoza ndani ya siku chache, ng'ombe huyanusa kutoka mbali, na mfugaji aliyechoshwa na kiangazi huona njaa imekwisha. Haijaisha. Nyasi ya kudumu huanza kuchipua kwa kutumia akiba iliyowekwa kwenye mizizi na sehemu ya chini ya shina, mpaka ipate majani ya kutosha kujilisha kwa jua. Kila chipukizi linapoliwa, akiba hiyo hutolewa tena. Likiliwa mara kwa mara katika majuma hayo ya kwanza, mizizi hupungua, shina hufa, na nafasi yake huchukuliwa na nyasi za msimu mmoja pamoja na mtundulu, kichaka cha miiba kinachovamia malisho. Na ng'ombe hafaidiki, kwa kuwa majani hayo ni maji matupu, naye hutembea kutwa akiyatafuta huku akipoteza uzito uliobaki.

Tahadhari zake ni hizi. Usimalize kipande cha mwisho kabla ya mvua. Weka malisho makavu ya majuma mawili au matatu, iwe ni kipande kilichosalia au mabua ya mahindi yaliyorundikwa juu ya uchaga ili mchwa wasiyafikie. Usidanganywe na mvua moja ya mapema inayofuatwa na jua kali, kwani machipukizi ya wakati huo ndiyo dhaifu kuliko yote. Na usimruhusu jirani "kwa leo tu", kwa sababu kesho utakosa neno la kumwambia jirani wa pili.

Maswali ya wanachama

Mfugaji wa Kahama: Mbona hujataja mbegu? Ninunue nyasi gani, na zinauzwa wapi?

Jibu: Tafadhali soma aya ya kwanza. Funga eneo kwa misimu miwili; udongo ukibaki wazi baada ya hapo, ndipo tuzungumze kuhusu mbegu.

Binti wa Kishapu: Nimeelewa hesabu, lakini kwa nini ibaki nusu nzima? Je, hiyo nusu haitaliwa bure na mchwa?

Jibu: Asante, dada, umeuliza jambo la msingi. Ni kweli kwamba sehemu itakwenda kwa mchwa na nyingine itakanyagwa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutopanga kuila. Inayobaki huuvika udongo. Tone la mvua likipiga udongo ulio wazi huuziba kwa utando mgumu, na maji hutiririka badala ya kuzama. Nyasi zilizosimama huyapunguza mwendo maji hayo, huzuia mbegu zisichukuliwe, na huweka kivuli juu ya mashina yatakayochipua.

Mwenye Sitini: Hesabu zako ni za vitabuni. Mimi nina ng'ombe 60 na ngitili ya ekari 15, nao wanaishi.

Jibu: Ekari 15 kwa mfano wangu ni siku 975 za ng'ombe mmoja; gawa kwa 60, utapata siku 16. Siku nyingine zote wanaishi kwa malisho ya nje, ambayo wenzako nao wanayategemea. Kama nyasi zako ni nyingi kuliko za mfano, tupime, nami nitakubali.

Mchungaji wa Longido: Sisi Wamaasai tunayo alalili, yaani malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, na karibu na boma tunatenga olopololi kwa ajili ya ndama na wagonjwa. Je, inafaa kuiga hilo kwenye ngitili?

Jibu: Inafaa sana, na ningefurahi wengi waige. Ndama hawezi kufuata kundi hadi malisho ya mbali, na maziwa ya mama hupungua kiangazi. Tenga kipande kimoja karibu na nyumba, usikiingize katika mzunguko wa hatua ya 6. Ukipata nafasi, tueleze wazee wenu huamuaje siku ya kufungua.

Binti wa Kishapu: Na mtundulu ukishaingia? Pia nimesikia maganda ya migunga ni chakula kizuri.

Jibu: Kukata mara moja hakutoshi, kwa kuwa huchipua kwa wingi zaidi; kata, kisha waachie mbuzi machipukizi. Maganda ya migunga yana protini nzuri, lakini yaponde kabla ya kulisha, kwani mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima.

Mfugaji wa Kahama: Basi kwa sasa niwaingize kwenye shamba la mtama lililovunwa, naona limechipua vizuri.

Jibu: Usiwaingize. Machipukizi machanga ya mtama, hasa yaliyopigwa na ukame, hubeba sumu ya sianidi inayoweza kumwua ng'ombe kwa muda mfupi. Mabua yaliyokauka kabisa ni salama. Yakate, uwapelekee zizini.